Duka la vifaa vya kadi na albamu pale Kirumba

Wazazi wangu walifunga ndoa Desemba 1975, na kikao cha familia kilipokaa kupanga jubilei yao ya miaka 50 kilitugawia sisi tunaoishi Mwanza kazi mbili: kutengeneza kadi 40 za mwaliko kwa ajili ya wazee ambao si adabu kuwaalika kwa picha ya WhatsApp, na kuzihamisha picha za zamani kutoka katika albamu iliyochakaa ili ziwekwe katika albamu mpya itakayokaa mezani siku ya sherehe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeropoka kikaoni kwamba kadi za kuchapisha siku hizi zote zinafanana, kazi zote mbili nilitwishwa mimi. Sikuwa nimetengeneza kadi hata moja tangu shule ya msingi, enzi zile tulipokuwa tukikata manila na kuchora mishumaa ya Krismasi kwa kalamu za rangi.

Aliyenielekeza dukani ni fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye vipande vya vitenge vinavyobaki mezani kwake huvipeleka huko kuviuza. Duka lipo Kirumba, katika kimojawapo cha vichochoro vinavyoteremka kuelekea Mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa, limebanwa kati ya saluni ya kike na kibanda cha wakala wa fedha za simu. Halina bango la maana. Kuna ubao uliopakwa rangi ya bluu na kuandikwa kwa mkono kwamba hapo panauzwa kadi, albamu na vifaa vya zawadi, na ubao huo umeegeshwa ukutani kiasi kwamba pikipiki ikisimama mbele yake hauonekani. Nilipita mara mbili bila kuliona, hadi dada wa saluni aliponiuliza kama natafuta kwa mama wa karatasi.

Chumba chenyewe ni kidogo. Watu watatu wakiingia, wa nne husubiri barazani. Hata hivyo mpangilio wake unaonyesha kwamba mwenye duka anajua anachokiuza. Karatasi zote zimelazwa, hakuna iliyosimamishwa, nazo zimewekwa juu ya vichaga vya mbao vilivyoachana na ukuta kwa kiasi cha kiganja, kila rundo likiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Nilidhani ni woga wa vumbi. Baadaye nilielezwa kwamba ni kwa sababu ya ziwa: karatasi hunywa unyevu wa hewani, hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na kwa hiyo hujikunja pembeni kama jani linalonyauka, na karatasi ya namna hiyo hata ukiikata kwa uangalifu gani kadi haitasimama wima mezani. Hunywa pia harufu, na upepo ukivuma kutoka Mwaloni dagaa huwa hawako mbali. Hakuna mwalikwa anayetaka kufungua bahasha ya jubilei akakumbuka kwamba amesahau kununua kitoweo.

Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza, “Unatengeneza nini, mwanangu?” Nikajibu kwamba nataka manila nyeupe, karatasi ishirini. Akasema kwa upole, lakini bila kucheka, “Hilo ni jina la karatasi. Mimi nimekuuliza kazi.” Ikabidi nieleze habari yote, kuanzia jubilei hadi albamu, naye akasikiliza huku akimhudumia mwanafunzi aliyekuja kununua stika za herufi, na nilipomaliza alisema kwamba manila haifai. Manila ni nyepesi kwa kadi ya kukunja, alisema, na ni kubwa kupita kiasi, kwa hiyo nitalipia eneo ambalo nitaliishia kulitupa. Walimu huinunua kwa mabango ya darasani, na hapo ndipo mahali pake.

Kisha aliniuliza kuhusu bahasha, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nimeona mtandaoni kadi za mraba, sentimita 15 kila upande, na nilikuwa nimeshaamua kwamba zangu zitakuwa hivyo. Alitoa bahasha za aina zote alizonazo akazipanga kaunta: ndefu nyeupe ya barua za ofisini, kubwa ya kaki, na ndogo yenye upana wa milimita 114 na urefu wa milimita 162. Hakuna hata moja iliyoweza kupokea mraba wangu bila kuukunja au kuuacha ukicheza ndani. “Watu huanza na kadi wakaishia kulia kwenye bahasha,” alisema. “Anza na bahasha.” Ile ndogo hupokea vizuri kadi ya ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148, na kadi mbili za ukubwa huo hutoka katika karatasi moja ya A4: unaikata katikati, kisha kila nusu unaikunja. Kwa kadi 40 nilihitaji karatasi 20, akaniongezea mbili za kuharibu, kwa maneno yake mwenyewe. Naliona hili kuwa jambo kubwa zaidi nililolipata katika ziara ile, nalo halikugharimu hata senti.

Kwenye uzito wa karatasi tulikaa muda mrefu. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina gramu 80 kwa kila mita ya mraba, na kadi zake zinaanzia gramu 160 hadi 300. Alinipa vipande vitatu nivishike nikiwa nimefumba macho. Cha 160 kililegea mkononi kama jalada la daftari la bei nafuu, cha 300 kilikuwa kigumu mno kukunjika bila kupasuka, na cha 250 ndicho kilichokaa kama kadi. Hapo alifanya jambo ambalo bado nalisimulia nyumbani. Alichukua karatasi nzima ya A4 ya rangi nyekundu iliyokoza, akaikunja katikati kwa mkono, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, na mgongo wa karatasi ukachanika vipele vyeupe kama kisigino kilichokauka. Akachukua nyingine ya aina ileile, akaikata katikati kwanza, akaikunja nusu moja, na mkunjo ukatoka laini, bila alama.

Sababu ni nyuzi. Karatasi inapotengenezwa kiwandani nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mmoja, na katika A4 nyingi hulala sambamba na ule upande mrefu. Ukiikunja A4 nzima katikati unazivunja nyuzi kwa kuzikata njia, lakini ukiikata kwanza na kuikunja nusu yake, mkunjo unalala sambamba na nyuzi, nazo zinapinda badala ya kuvunjika. Kwa hiyo ukubwa ule uliofuata bahasha ndio pia uliofuata nyuzi, na nilitoka na utaratibu mmoja uliotatua mambo mawili. Kwa kuchora mstari wa mkunjo kabla ya kukunja, wataalamu hutumia kifaa maalumu cha mfupa. Yeye hana, wala hakujaribu kuniuzia kitu mbadala. Alinionyesha kalamu ya Bic iliyokwisha wino na rula ya chuma, na kwa kulaza mkunjo, mgongo wa kijiko.

Kuhusu mapambo sitasema mengi, maana hapo duka linafanana na maduka mengine: utepe wa rangi zote, shanga, lulu bandia, maua ya karatasi, vimetameta vinavyoganda kwenye nguo kwa wiki nzima. Kilicho tofauti ni sanduku la vipande vilivyobaki baada ya kukata oda za watu, vinavyouzwa shilingi 100 kimoja, na karibu yake kikapu cha vitenge vya yule fundi wangu. Pia kuna kadi tupu zilizobandikwa picha za mitumbwi na ndege zilizokatwa kwenye maganda makavu ya migomba, kazi inayofanywa sehemu nyingi za kandokando ya ziwa. Ni nzuri, lakini maganda yale hayapendi kugandamizwa, na kadi mbili kati ya nilizozishika zilikuwa zimekwisha kuachia mkia wa ndege.

Albamu ndiyo iliyonipeleka mara ya pili. Ile ya nyumbani ni ya aina ambayo naamini kila ukoo unayo: kurasa nene zenye mistari ya gundi, na juu yake plastiki unayoifunua, ukapanga picha, ukaifunika tena. Hamu ya kutaka gundi iwe tayari ukurasani si ya jana, kwani mwandishi wa Kimarekani Mark Twain alipata hataza ya kitabu cha kubandikia cha namna hiyo mwaka 1873, ingawa chake kililowanishwa kwanza ndipo kikashika. Tatizo la hizi zetu ni kwamba gundi hugeuka ya manjano, hukauka pembeni na kushika kama saruji katikati, na plastiki nayo huganda juu ya sura za watu. Picha za harusi ya wazazi, za rangi nyeusi na nyeupe, zimehimili. Mama anaonekana hadi mishono ya shela. Za rangi za miaka ya 1980 zimegeuka nyekundunyekundu, na baba aliyesimama mbele ya Jiwe la Bismarck anaonekana kama mtu aliyepigwa picha wakati wa machweo, ilhali yeye mwenyewe anaapa kwamba ilikuwa saa sita mchana.

Niliibeba albamu nzima ndani ya mfuko wa salfeti nikaenda nayo. Mama aliifungua, akainusa plastiki, akaniambia niinuse na mimi. Plastiki yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni, alisema, haifai kukaa na picha, kwa sababu inachotoa pole pole kama harufu ndicho kinachoila picha. Alinikataza kung’oa picha yoyote kabla ya kuzipiga zote kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kama zilivyo, ili hata nikiharibu moja kitu kibaki. Baada ya hapo alikata kipande cha uzi wa kusafishia meno, ule usio na ladha, akaupitisha nyuma ya picha moja kuanzia kona ya juu, akawa anausogeza kama mtu anayekata mche wa sabuni kwa waya, hadi picha ikaachia yote bila kujikunja. Ilichukua kama dakika tatu. Picha iliyofuata ilikataa, na alichofanya ni kumwita dada wa saluni aje na draya yake, akaipuliza nyuma ya ukurasa kwa moto mdogo na kwa mbali, kisha akarudia uzi. Nyingine aliitazama, akaiacha, akasema ikatwe pamoja na ukurasa wake, kwani kuing’ang’ania ni kuipoteza. Nilithamini kwamba alijua mahali pa kuishia.

Albamu mpya alizokuwa nazo ni za aina tatu. Kuna mbili za kutoka nje, za mraba wa inchi 12, ukubwa unaopendwa sana na Wamarekani katika kazi hizi, na bei yake ilinifanya nizirudishe rafuni kwa heshima zote. Kuna zile zile za kurasa za gundi, mpya kabisa, kwenye rafu ya juu. Nilipomuuliza kwa nini anaziuza baada ya yote aliyoniambia, alijibu kwamba wateja wanazidai na asipoziuza watazipata kwingine. Jibu hilo linaeleweka kibiashara, ila nadhani mtu anayejua kiasi kile angeweza angalau kumwambia mnunuzi. Aina ya tatu anazitengeneza mwenyewe: majalada ya kadibodi nene yaliyovikwa kitambaa, kurasa nyeusi za kadi, na mgongo unaofungwa kwa utepe unaopita kwenye matundu, hivyo unaweza kufungua na kuongeza kurasa.

Nilichopenda kwenye albamu hizo hakionekani ukiitazama kwa haraka. Kati ya kila ukurasa na mwingine, upande wa mgongo, ameweka kipande chembamba cha kadi, upana wa vidole viwili, ambacho hakina kazi yoyote machoni. Nilidhani ni mabaki. Kumbe ndivyo vinavyoacha nafasi ya unene wa picha, kwani bila hivyo albamu ikijaa hufumka mdomoni kama samaki wa kukaanga na majalada hayalali tena. Kwa kitambaa cha jalada nilimpelekea khanga ya mama, moja ya doti aliyokuwa akiivaa tulipokuwa wadogo na ambayo pindo lake lilikuwa limekwisha kuchanika. Aliikata sehemu iliyo nzima, na maandishi yake yakaangukia jalada la mbele, yamesomeka yote. Picha hazibandikwi, zinashikwa kwa pembe ndogo za karatasi zenye gundi upande wa nyuma tu, kwa hiyo gundi haiigusi picha na siku yoyote unaweza kuitoa. Majina na miaka aliniagiza niandike nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu ya mpira hupenya na kutokeza usoni.

Kwa wanaopenda hesabu: karatasi 22 za gramu 250 kwa shilingi 300 kila moja ni 6,600; kukatiwa 1,000; bahasha 42 kwa 150 ni 6,300; utepe wa dhahabu mita sita kwa 500 ni 3,000; tepu ya pande mbili 2,000; pakiti tatu za pembe za picha 4,500; na albamu 28,000. Jumla ni 51,400, akapokea 50,000 kwa Lipa Namba. Hesabu yote aliipiga kwenye kipande cha kadi ya pinki, nacho nimekihifadhi. Ninataja tepu kwa sababu nilikuwa nimeomba gundi nyeupe ya seremala na akanizuia: gundi ya maji hulowanisha kadi ikajikunja, ya viatu hutoa madoa baada ya muda, na selotepu ya kawaida kila mtu ameona inavyogeuka kahawia na kuachia.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kwamba hakuna bidhaa hata moja iliyoandikwa bei. Wakati nalipia utepe kwa 500, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa mbele yangu aliuziwa utepe uleule kwa 300, na nilipouliza niliambiwa kwamba mwanafunzi ana bei yake. Sikununa, wala sioni ubaya wa mwanafunzi kupunguziwa, lakini mteja asiyejua bei ya kuanzia hawezi kujua kama na yeye ameongezewa. La pili ni saa za kazi. Niliambiwa anafungua saa tatu asubuhi. Ziara ya pili nilisimama barazani hadi saa nne na robo, na aliyenipa habari ni dada wa saluni, maana ubaoni hakuna namba ya simu. Jumapili hafungui, jambo ambalo ni haki yake, ila nalo liandikwe.

La tatu ndilo lililoniuma. Karatasi zangu 22 alizikata zote kwa mpigo mmoja kwenye mashine yake ya mkono, kwa kuwa foleni ilikuwa imekua, na nilipofika nyumbani na kuanza kukunja niligundua kwamba zile za chini hazikulingana na za juu. Rundo nene husogea kisu kinaposhuka, na kadi tisa zilikuwa na upande mmoja uliozidi kwa milimita mbili. Milimita mbili ukizisema ni kidogo, lakini kwenye kadi iliyokunjwa zinaonekana kama koti lililofungwa vifungo vibaya. Nilizirudisha siku ya albamu. Alizipima kwa rula, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hili ni langu,” akazikata upya chache chache, bila malipo, na akabadilisha mbili ambazo nilikuwa nimeshazichora mstari wa mkunjo. Tisa hizo sasa ni fupi kuliko nyingine kwa ule upana uliopunguzwa, na hakuna atakayegundua isipokuwa mimi. Ushauri wangu kwa atakayekwenda ni kumwomba mapema akate karatasi tano tano, hata kama foleni ni ndefu.

Mtu anayetaka rimu ya karatasi, wino wa printa au faili za ofisi asihangaike kushuka hadi Kirumba, kwa kuwa havipo na mwenyewe atamwelekeza mjini. Hachapishi pia, maneno ya ndani ya kadi zetu yaliandikwa kwa mkono na mdogo wangu mwenye hati nzuri, jioni nne mfululizo. Mwenye kadi chache za mkono, au aliye na albamu ya wazazi inayoanza kuganda, aende, na aende na bahasha au picha zenyewe mkononi badala ya maelezo. Asubuhi za Jumanne na Jumatano ndizo nilizokuta nafasi ya kukaa kwenye kigoda. Mchana wanafunzi na walimu hujaa.

Kadi 38 zimekwisha kugawiwa, mbili zinasubiri mtu wa kuvuka nazo kwenda Nansio. Albamu imejaa mapema kuliko nilivyopiga hesabu, kwa sababu shangazi amefika na bahasha nzima ya picha ambazo hakuna aliyejua kuwa anazo, kwa hiyo nimeacha oda ya kurasa kumi za ziada pamoja na vile vipande vyembamba vya mgongoni. Zitakuwa tayari Jumatano.